Kumsukuma Hilda Mwezi wa Kumi

Hilda ni kipande cha kinamasi kinachoelea. Mtu mwingine angekiita kisiwa, lakini kisiwa kina adabu ya kukaa kilipo. Hilda ana miti juu yake, ana vichaka na matunda mekundu machachu, ana viota vya ndege, na ukimkanyaga anabonyea kama godoro la nyumba ya wageni ya bei nafuu. Chini yake hakuna kitu ila maji ya Ziwa Bergum. Upepo ukivuma, anaondoka. Upepo ukitulia, anatua anapopenda, mara nyingi mbele ya gati la mtu ambaye hakumwalika. Jina hilo alipewa kwa heshima ya shangazi wa marehemu mume wangu, aliyekuja kututembelea mwisho wa juma akaondoka theluji ilipoyeyuka.

Sisi watu wa kaskazini mwa Wisconsin tumemzoea. Kila mwaka barafu ikishayeyuka na maji kujaa, Hilda huenda kuziba daraja. Hapo tunatoka na boti zetu, tunamwekea pua za boti ubavuni, tunatia moto mashine, tunamsukuma mpaka kwenye ghuba yake. Kisha tunakula soseji na kulaumiana nani hakusukuma.

Ila hakuna aliyewahi kumsukuma mwezi wa kumi. Mimi Marlys Rudeen ndiye niliyeomba, na wapo ambao bado hawajaniwia radhi.

Yote yalianzia kwenye ukuta. Zahanati yetu ilikuwa imejengewa chumba kipya cha kungojea, na ukuta mmoja ulikuwa mpana mno, mweupe, mtupu. Ukuta wa chumba cha zamani ulikuwa na rangi ya uji uliopoa. Naujua kuliko uso wangu, maana mume wangu Gordy alipokuwa akitiwa dawa za saratani, mimi nilikaa pale majira ya baridi yote nikiutazama. Ulikuwa na ufa mmoja. Nilipomaliza kuutazama ule ufa, sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Gordy akafa, chumba kikabomolewa, ufa nao ukaenda zake.

Kwa hiyo nilipoingia kuchomwa sindano ya mafua nikauona ukuta mpya, nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa LuAnn Kaczor, meneja. LuAnn nimemwendesha kwenye basi la shule tangu hana meno ya mbele, mpaka shule ilipofungwa na mimi na basi tukastaafishwa pamoja.

"LuAnn, mwanangu, ukuta ule unautia nini?"

"Nimeshaagiza picha, Bi Marlys. Inaletwa Jumanne. Ni ufukwe. Mchanga mweupe, bahari, minazi."

"Minazi."

"Inatuliza. Kuna utafiti."

"Mimi sina ugomvi na minazi, ikae kwao ipate jua. Lakini mtu amekuja hapa na kikohozi, viatu vimejaa theluji, kope zimeganda, halafu wewe unamwonyesha nazi? Huko si kumtuliza, LuAnn. Huko ni kumcheka."

Alicheka yeye, kile kicheko cha kiti cha nyuma cha basi. Anajua kwamba napiga picha. Mji mzima unajua. Nimepeleka picha kwenye kalenda ya wilaya kila mwaka, na kila mwaka wamechagua ya mbwa wa mtu.

"Haya," akasema. "Niletee Jumatatu kabla sijafunga ofisi. Nikiipenda, nafuta ile oda. Lakini iwe pana, ijaze ukuta wote. Na isiwe na watu. Watu wanawakumbusha wagonjwa foleni."

Picha niliyoitaka ilikuwa moja tu: Hilda ametulia ghubani, tamaraki zake zote za dhahabu. Tamaraki ni mti unaojifanya msonobari mwaka mzima. Ukifika mwezi wa kumi, sindano zake, yale majani membamba, zinageuka njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, zinakaa hivyo siku chache, halafu upepo mmoja wa maana unazivua zote. Wageni kutoka Chicago hupiga simu idara ya misitu kulilia misitu iliyokufa. Vinamasi vingine vya tamaraki vipo, lakini viko ndani ya msitu. Ukisimama humo unaona vigogo na mbu wa mwisho wa mwaka. Ukuta mpana unataka nafasi ya kurudi nyuma, nayo iko ghubani peke yake: msitu mgongoni kwangu, maji katikati, Hilda ng'ambo.

Ijumaa jioni alikuwepo, amewaka kama taa, ila jua lilikuwa limeshashuka. Nikasema kesho. Usiku upepo ukavuma. Jumamosi asubuhi nilisimama ufukoni na kamera shingoni na kikombe cha kahawa mkononi, nikitazama maji matupu.

Nilikwenda dukani kwa Wendell. Wendell ni mdogo wake Gordy, shemeji yangu, anauza chambo cha samaki na maneno.

"Shemeji, Hilda ameondoka."

"Ameolewa?"

"Wendell."

"Nimemwona, nimemwona. Yuko kule kwenye matangi ya maji taka ya mji. Amejibanza kama mtu aliyefumaniwa. Sindano zake bado zipo. Si uende ukampige picha huko huko? Mgonjwa akiona matangi atapona haraka atoke."

"Nataka tumsukume."

Aliacha kupakia minyoo kwenye vikopo. "Mwezi wa kumi?"

"Kesho asubuhi."

"Marlys, kichwa chako kinakutosha? Watu wameshatoa boti majini. Wameshafunika. Mashine zimemiminiwa dawa ya kuzuia kuganda. Kumwambia mtu arudishe boti ziwani sasa hivi ni kama kumwendea dubu aliyelala usingizi wa baridi na kumwambia amka, tucheze karata. Tena kesho Jumapili, kuna mechi."

"Mechi ni saa sita mchana. Tutakuwa tumemaliza."

"Hata kwa dawa hawatakubali."

Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa kaunta yake, ambayo ilikuwa inahitaji. Baadaye kidogo akauliza, sauti imeshuka, "Ni ule ukuta wa zahanati?"

"Ni ule."

Katika chumba kile cha zamani Wendell ndiye aliyekuwa akikaa kiti cha pili. Tulikaa miezi hiyo yote bega kwa bega, hatukuwahi kuongea kitu kirefu kuliko hali ya barabara.

"Ule ufa," akasema. "Ulikuwa kama ramani ya mto Mississippi."

"Mimi nilikuwa naona mguu wa kuku."

"Mguu wa kuku?" Akanitazama kama nimemtukania mama. "Wewe kweli huna macho. Na kamera umepewa ya nini?" Akavuta simu.

Mbinu ya Wendell ya kuwashawishi watu ni nyepesi: anamwambia kila mmoja kwamba wenzake wote wameshakubali. "Ndiyo, Bernice anakuja. Eh, amelia kwa furaha." Halafu anampigia Bernice. Bernice Odegaard, mwenye baa ya barabarani, hakulia kwa furaha. Nilimsikia mwenyewe nikiwa upande wa pili wa kaunta, simu haikuhitaji kipaza sauti. Lakini alipomaliza kumtukana Wendell akauliza wanahitaji sufuria kubwa au ile kubwa zaidi.

Jumapili walikuja. Sikuamini. Walikuja na majaketi ya rangi ya machungwa ya kuwindia, na kofia za sufu za kufunika masikio, wakivuta boti nyuma ya magari na kunung'unika kwa pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi.

"Bi Marlys, mke wangu ananiuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kusukuma kinamasi kikapigwe picha. Ananitafutia daktari," mmoja wao akasema.

"Mwambie nitampiga na yeye picha."

"Usimpige. Atakutaka umrudie mpaka apendeze."

Walimng'oa Hilda kule kwenye matangi, wakamleta taratibu, boti nyingi pua zao zikiwa zimezama kwenye majani yake, moshi wa mashine umewafunika. Mimi nilikuwa ng'ambo ufukoni, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu. Na nilimwona Hilda akija. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote, nimeanguka ndani ya barafu yake na nimetolewa, lakini sijawahi kuona msitu wa dhahabu ukinijia polepole kama ng'ombe anayerudi zizini.

Alipofika mahali pake, wakazima mashine na kurudi nyuma. Na Hilda akageuka akaanza kuondoka.

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, mgongoni kwangu. Msitu ulio nyuma yangu uliukinga, maji ya mbele yangu yamelala kama kioo. Lakini pale alipokuwa Hilda ulimpata vizuri, vilele vya miti vikawa ndio tanga lake. Nikielekeza kamera, ameshasogea. Wakimsukuma tena, anarudi, wakimwacha, huyoo.

"Mnamshika au mnampungia mkono?" nikapiga kelele.

"Tukimshika, tuko kwenye picha!" Wendell akajibu. "Wewe si ulisema hutaki watu?"

"Zungukeni nyuma yake! Msukumieni kwangu kutoka nyuma, miti itawaficha!"

Halafu nikasikia kicheko kikizunguka maji yote, maana tangu enzi za baba zetu tumekuwa tukimsukuma Hilda kumwondoa, na hakuna aliyewahi kumsukuma ili abaki. Boti zikazunguka, zikapotea nyuma ya miti, zikaanza kunguruma kule. Hilda akasimama.

Sasa, picha ya ukuta mpana huipigi mara moja. Unaipiga vipande: unaanza kushoto, unageuza kamera kidogo, unapiga tena, kidogo, tena, mpaka ufike kulia. Baadaye kompyuta inaviunganisha. Nikapiga cha kwanza na vichache vilivyofuata, mara wingu likaja. Dhahabu yote ikageuka rangi ya haradali iliyokauka.

Nikangoja. Wao wakangoja, mashine zikinguruma.

Mara Wendell akachomoza upande wa kushoto, boti nzima, na kofia yake ya machungwa. "Tayari?"

"Bado! Rudi nyuma!"

"Bernice anasema maharage yanaungua!"

"Wendell, rudi nyuma!"

Akarudi. Jua likatoka. Na lilivyotoka, jamani! Kila sindano ya kila tamaraki iliwaka, vichaka chini yake vikawa vyekundu kama divai, maji yakachukua yote yakayageuza kichwa chini miguu juu. Sikufikiri. Nilirudi kushoto nikaanza upya, kipande, kipande, kipande, mkono umetulia kuliko ulivyowahi kutulia, mpaka nikafika kulia mwisho kabisa. Nikainua mkono juu.

"Nimepata!"

Walipozima mashine upepo ukaja wa kweli, ule wa maana, na Hilda akavuliwa mbele ya macho yetu. Sindano zote ziliondoka pamoja, zikapanda juu, zikawanyeshea watu ndani ya boti. Walirudi ufukoni wote wana nywele za dhahabu, hata wasio na nywele. Tulikula maharage na nyama ya kulungu yenye sindano ndani, na hakuna aliyezitoa. Saa sita kasoro wakapotea wote kwenda kwenye mechi, wakaniachia sufuria za kuosha.

Alasiri ile nilivipanga vipande kwenye kompyuta mezani jikoni, Wendell nyuma yangu anakula keki yangu. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikatoa picha. Ilikuwa nzuri mno mpaka nikashika mdomo.

"Yule ni mimi," akasema Wendell.

"Wapi?"

"Kushoto. Kofia hiyo."

Ni kweli. Aliporudi nyuma ya miti hakurudi kabisa. Pua ya boti na nusu ya Wendell vilibaki nje. Nikasema si neno, upande ule nitaukata.

"Na yule pale kulia ni nani?"

Kulia, mwisho kabisa, nyuma ya kichaka chekundu, palikuwa na kofia ya machungwa na uso unaochungulia.

"Wendell, ulikuwa unafanya nini kulia?"

"Ulivyonifokea nilidhani upande ule sitakiwi. Nikazunguka niende nikasukume upande wa pili."

Na alipoacha kusukuma kushoto, Hilda akazunguka naye. Kamera yangu inakwenda kulia, na Hilda anakwenda kulia. Ile tamaraki yake iliyopinda, iliyolala karibu kugusa maji halafu ikabadili mawazo ikainuka, ilikuwa imesimama kushoto mwa picha. Ilikuwa imesimama pia kulia mwa picha. Mti mmoja, mara mbili, na Wendell kando yake, mara mbili.

Nilijaribu kukata. Nikikata kushoto na kulia, inabaki picha ya kutosha mlango wa choo. Nilijaribu kumfuta Wendell, panabaki doa kama mtu amemwaga chai.

"Unanifuta?" akasema. "Mimi, damu ya mumeo?"

"Nyamaza ule keki."

Kupiga nyingine haikuwezekana, Hilda alikuwa uchi. Nililala vibaya. Asubuhi niliichapa hivyo hivyo, kwa vipande, nikavibandika kwa selotepu, nikaviringisha, nikaenda. Nimeshakataliwa na watu wenye akili na wasio na akili, kuongeza LuAnn hakungeniua. Wendell naye alikuja, eti kushika ngazi.

Chumbani walikuwepo mama mwenye mguu kwenye plasta, vijana wawili wanaopenga makamasi, na bwana mmoja mgeni, dereva wa lori kwa kofia yake, aliyekuwa akimsubiri mkewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, ameinama, anatazama vidole vyake. Mkao ule naufahamu. Tulibandika picha ukutani, LuAnn akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Aliitazama juu mpaka chini. "Bi Marlys, ni nzuri. Ni nzuri kweli." Kisha akasogea karibu. "Nilisema pasiwe na watu."

"Hao si watu. Ni Wendell."

"Wapo wawili."

"Ni Wendell mmoja."

"Namna gani ni mmoja?"

Nikamweleza yote, kamera, jua, Hilda alivyozunguka. Wendell akajaribu kusaidia, ikawa mbaya zaidi. LuAnn alikuwa anatikisa kichwa pole pole, na nikaona neno linakuja mdomoni mwake, lile neno la heshima ambalo watu wa kalenda hulitumia kabla ya kumchagua mbwa.

"Samahani," ikasema sauti nyuma yetu. Ni yule dereva. Alikuwa amesimama. "Huu mti uliopinda hapa, si ndio ule kule?"

"Ndio huo huo," nikasema.

"Kivipi?" Akaenda kulia, akarudi kushoto. "Na kiota? Huu una kiota, ule... eh, na ule unacho!"

"Na yule mwanamume?" akauliza mama wa plasta, akijisukuma na magongo yake. "Hebu nipisheni. Si yule anayeuza minyoo?"

"Mimi mwenyewe," Wendell akasema, akavua kofia. "Mara mbili."

Wale vijana wawili wakaacha makamasi. Mmoja akapata boti ya tatu ambayo hata mimi sikuiona, nukta ya fedha katikati ya vigogo. Mwingine akabisha kwamba ni jiwe. Mama wa plasta akasema yeye ameolewa na mvuvi, anajua boti na anajua jiwe. Muuguzi akafungua mlango akaita, "Bwana Pruitt!" Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Dereva alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya chini, pua karibu na karatasi.

LuAnn hakuwa anaitazama picha tena. Alikuwa anawatazama wao. Akaingia ofisini akaacha mlango wazi, tukamsikia kwenye simu: "Hapana, rangi hazina kosa... Hapana, wala bei. Ukuta umeshapata picha yake."

Wendell akanipiga kiwiko cha mbavuni, nikamrudishia kwa nguvu zaidi.

Muuguzi akaja mpaka pale chini, akamgusa dereva begani. "Bwana Pruitt, mkeo ametoka. Amemaliza vizuri, anakuulizia."

"Nakuja, nakuja," akasema, bila kuinuka, amekunja macho. "Kuna kitu hapa nyuma ya hiki kichaka, sioni vizuri. Miwani nimeiacha kwenye lori."

Nikamvulia yangu.